Alinisomea Kijitabu Changu Mwenyewe

“Ukurasa wa ishirini na mbili umekwisha. Nigeuze?”

“Geuza.”

“Una uhakika? Nikigeuza siruki hata herufi.”

“Geuza bwana, Mkato. Si ndiyo kazi unayolipwa?”

Akageuza bila kuniangalia. Miaka mitatu tulikuwa tumekaa kwenye meza ile ile ya prufu, zile karatasi za kusahihishwa kabla ya kuchapwa, yeye akisoma kwa sauti, mimi nikifuata kwa kalamu nyekundu, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza sauti yake kunitisha.

Nisikufiche, msomaji. Kile alichokuwa akinisomea nilikiandika mimi. Kurasa arobaini za kuonyesha kwamba Biblia haina mamlaka juu ya mtu yeyote. Jumamosi ya wiki ile ningesimama nacho ukumbini, kwenye mdahalo, nipambane na Mchungaji mmoja mwenye jina kubwa. Mchungaji huyo alikuwa baba mzazi wa Mkato, na alishatoa neno lake: “Kijitabu hicho kikitoka mtamboni, huyo kijana asahau kwamba nina binti.” Na mimi na huyo binti tulikuwa tumepanga kuoana mwisho wa mwaka.

Wasomaji wa prufu tulikuwa wawili tu kwenye kiwanda kile cha uchapaji. Nilimwomba Meneja ampe kazi hiyo mtu mwingine. Alinitazama juu ya miwani.

“Mtu mwingine yupi? Mlinzi?”

Leo pale kiwandani pana duka la simu. Nikipita nasimama kidogo, wauzaji wanadhani nataka chaja. Wangejua! Pale kwenye kabati lao la vioo ndipo ilipokuwa meza yetu, na dirisha lililotazama mtambo, na kelele zilizotufanya tusogeze viti karibu kuliko kazi ilivyohitaji. Wenzetu walimwita Mkato kwa sababu alizisoma alama zote za uandishi kwa sauti, mkato na nukta, hata kwenye kadi za harusi. Mimi waliniita Mbishi, na jina hilo sikulibishia hata siku moja.

Siku aliponikubali alinitumia ujumbe kwenye kile kisimu changu cha vitufe: “Nimefikiria mkato nimekubali nukta.” Nililala na simu kifuani.

Mapenzi yetu yalianzia kwenye Injili, kusema kweli. Kanisa fulani lilileta kazi ya kuchapa Injili moja, tukaisoma neno kwa neno wiki mbili. Mimi na mdomo wangu nikaanza.

“Hii imenakiliwa kwa mkono karne na karne. Nakala maelfu, na hazifanani. Utaiaminije?”

“Juzi uliona kosa kwenye kalenda. Ulilijuaje?”

“Nililinganisha na nakala ya kwanza.”

“Eeh. Ungekuwa na karatasi moja tu, ungejua?”

“Nisingejua.”

“Basi hizo nakala maelfu ndizo zinazolifichua kosa. Mnakili wa huku akikosea, wa kule anamsema. Na yale machache ambayo wataalamu hawajayaamua yameandikwa chini ya ukurasa, kila mtu ayaone. Wewe ulishamwona wapi mwongo anayechapisha orodha ya mashaka yake?”

Nilimwangalia tu, nikajua nimekwisha.

Sasa turudi kwenye ukurasa wa ishirini na tatu.

“‘Biblia yenyewe inafundisha mkato,’” akasoma, “‘fungua usemi mkosaji ndiye anayeangamia mkato asiye na hatia hapatwi na mabaya funga usemi nukta. Kwa hiyo mgonjwa anaambiwa ugonjwa ni kosa lake nukta.’”

Akaacha kusoma. Nje mtambo ulikuwa unachapa madaftari ya shule.

“Endelea,” nikamwambia.

“Nani anasema?”

“Biblia.”

“Biblia ina watu wengi ndani, wengine waongo, mmoja nyoka. Nakuuliza, nani anasema?”

“Ayubu, sura ya nne.”

“Hiyo ni sura. Mimi nataka msemaji.”

Utaratibu wa chumba chetu ulikuwa mmoja: usemi wowote unarudishwa kwenye chanzo chake kabla ya kupita. Mkato akainuka, akaenda kwenye rafu ya kamusi, akaishusha Biblia, akaja nayo mezani.

“Haya tazama. Ni Elifazi. Rafiki yake Ayubu. Mtu amezika watoto kumi, mwenzake anakuja kumpa pole, anamwambia ameyataka mwenyewe.” Akafunua hadi mwisho wa kitabu cha Ayubu. “Na hapa, soma mwenyewe. Mungu anamkasirikia nani?”

Nikasoma. Mungu alikuwa anamwambia Elifazi kwamba yeye na rafiki zake wawili hawakusema yaliyo sawa juu yake, kama Ayubu alivyosema.

“Umeyaokota maneno ambayo kitabu chenyewe kimeyakataa,” Mkato akasema, “ukayaita mafundisho ya kitabu. Mbishi, wewe! Ungeona mwandishi mwingine kafanya hivi, si ungemcheka wiki nzima?”

Hasira zikanipanda.

“Sikuyatunga! Niliyasikia!”

“Wapi?”

“Kwenye mazishi ya mama.”

Akaweka karatasi chini.

“Mama aliumwa miaka miwili,” nikasema. “Aliomba mpaka sauti ikaisha. Waumini wenzake wakaanza kunong’ona kwamba hana imani ya kutosha, kwamba kuna dhambi anaificha. Halafu siku ya kumzika, mhubiri akasimama kwenye kaburi akasoma maneno hayo hayo, huku anatutazama sisi watoto. Nilikuwa na udongo mkononi, Mkato. Nilishindwa kuutupa.”

“Mhubiri gani asiyejua kwamba huyo ni Elifazi?”

“Tuendelee na kazi.”

“Nimekuuliza, mhubiri gani?”

Nikaangalia dirishani.

“Ni Baba?”

Uso wake ukabadilika taratibu, kama mtu anayesoma barua mbaya.

“Miaka mitatu,” akasema. “Miaka mitatu unakula kwetu, unamwamkia, hukuniambia.”

“Nilipojua wewe ni binti yake nilikuwa nimeshakupenda. Ningekuambia ili umchague nani?”

Akalia. Na mimi nikalia, mwanaume mzima, kwenye prufu zangu mwenyewe, mpaka wino ukachuruzika. Kisha Mkato akajifuta, akachukua kalamu nyekundu mkononi mwangu, akaandika pembeni mwa aya ile: “Nani anasema?” Halafu akasoma mpaka ukurasa wa arobaini, hakuruka hata herufi. Alipomaliza alisema:

“Kurasa nyingi humu ni hasira tu, tutajibizana mpaka uzeeni. Ila uliyoniambia ya mama ni ya kweli, na si Biblia iliyomkosea.”

Jioni ile nilimfuata Meneja.

“Kijitabu changu kisubiri kwanza.”

“Kisubiri nini? Karatasi imeshakatwa!”

“Kisubiri tu, Mzee. Tafadhali.”

Kesho yake Mchungaji alimpigia binti yake simu. Mkato alinisimulia baadaye, na kwa kuwa ni yeye, najua hakuna neno lililopotea.

“Nasikia umesomeshwa uchafu wa yule kijana.”

“Nimeumaliza, Baba. Pahali pamoja amekosea vibaya. Amemnukuu Elifazi, akadhani ndilo fundisho lenyewe.”

Mchungaji akacheka kwa raha.

“Elifazi! Bwana asifiwe! Sikiliza, usimwambie. Akichapishe hivyo hivyo. Jumamosi nitammaliza mbele ya watu wote.”

“Nimeshamsahihisha.”

“Umefanya nini?”

“Ndiyo kazi yangu, Baba. Na Biblia haihitaji kutetewa kwa mtego.”

“Wewe mtoto, uko upande wa nani?”

“Baba, kijana huyo alimsikia Elifazi kwako. Ulimsoma kaburini kwa mama yake.”

Simu ikakatwa upande wa pili.

Ijumaa ikaingia meseji kwangu: “Nimemwambia Baba. Kesho ukitaka kumwaibisha unayo silaha, mimi ndiye niliyekupa. Sitakuzuia. Lakini usitegemee nikae upande wako wala wake.”

Nikamjibu: “Utakaa wapi?”

“Nitasimama mlangoni. Mmoja wenu akinitia aibu nitaondoka, na sitarudi kwake.”

Nilisoma meseji ile mara kumi. Na bado, ubishi ni ugonjwa, niliamua kwenda kummaliza mzee. Miaka minne nilikuwa nimeibeba siku ile ya mazishi, na sasa nilikuwa na kila kitu mkononi. Nilijiambia Mkato atalia kidogo, halafu atanielewa.

Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Waumini kushoto, vijana wa chuo kulia, wanangoja kushangilia. Mkato alikuwa mlangoni kweli, mkoba begani, kama mtu mwenye safari. Mwendeshaji akampa Mchungaji nafasi ya kwanza. Mzee akapanda jukwaani bila karatasi yoyote, Biblia tu kwapani.

“Ndugu zangu,” akaanza, “nimekuja kuitetea Biblia. Lakini juzi nimeisoma, ikanikamata mimi kwanza.”

Waumini wakaitikia “Amina!” wakidhani ni utangulizi.

“Msiseme amina, ngojeni. Miaka minne iliyopita nilimzika mama mmoja. Nilisoma maneno ya Elifazi juu ya jeneza lake kana kwamba ni maneno ya Mungu. Niliyachagua kwa makusudi. Nilitaka kuwatisha waliobaki. Mungu amesema Elifazi hakunena sawa. Basi na mimi sikunena sawa. Nilimsingizia yule mama, na nilimsingizia Mungu. Mtoto wake ni huyu hapa.”

Ukumbi mzima ukanigeukia. Hotuba yangu ilikuwa mfukoni, na kila nilichotaka kusema kilikuwa kimeshasemwa na yeye.

Mchungaji akashuka jukwaani, akaja mpaka kwenye kiti changu. Miguu ilimsumbua, alishika viti vya watu.

“Binti yangu alikuonyesha Elifazi anavyokaripiwa,” akasema. “Mbele kidogo, Elifazi anaagizwa aende kwa Ayubu, na Ayubu amwombee. Nimekuja. Niombee.”

Akapiga magoti.

“Mchungaji, inuka. Watu wanatazama.”

“Watazame.”

“Mimi siamini. Unajua kwamba siamini.”

“Najua. Na mimi nimechangia. Lakini niliyemkosea ni wewe, sina pa kwenda pengine.”

Nilikuwa nimeandika kurasa arobaini kuonyesha kwamba kitabu kile hakina mamlaka. Na hapo mbele yangu kilikuwa kimemtoa mzee wa miaka sitini jukwaani, mbele ya kundi lake, kikampigisha magoti kwa kijana aliyekuja kumwangusha. Hakuna mtu aliyemlazimisha. Nilitafuta la kubisha, nikalikosa, na moyo ukauma kwa namna ambayo haukuwa umeuma tangu pale kaburini.

Nikapiga magoti na mimi, kwa sababu sikuweza kumwombea mtu mzima nikiwa nimekaa.

“Mungu,” nikasema. “Kama unasikia. Huyu mzee alimsema mama vibaya. Mama alikuamini mpaka pumzi ya mwisho, nilikuwepo, niliona. Msamehe huyu mzee. Mimi nitajaribu.”

Ni hayo tu. Sikujua namna ya kumalizia. Kule mlangoni nikasikia sauti niliyoijua ikisema “Amina,” ikivunjika katikati, na mkoba ukianguka sakafuni.

Mchungaji hakuinuka. Alinishika mkono, akainamisha kichwa karibu na sikio langu.

“Mwanangu, mama yako aliitwa nani? Siku ile sikuuliza.”

Nikamtajia. Alilirudia taratibu, mara mbili, ili asikosee. Kisha machozi yakamtoka.

“Baba, inuka,” nikamwambia, na neno hilo lilinitoka lenyewe.

Imani yangu haikurudi siku ile. Ilirudi polepole, kwa maswali mengi na ugomvi mwingi na Mkato juu ya chai, na kijitabu hakikuchapishwa kamwe. Mwisho wa mwaka tulioana. Mchungaji ndiye aliyetufungisha ndoa, na kabla ya kutaja jina langu wala la binti yake, alilitaja la mama.