Foronya ya Chumba Namba Nne

Mkoba ulikutwa saa moja na nusu asubuhi ndani ya gunia la shuka chafu, na gunia lile alilifunga mhudumu wa behewa kwa mikono yake mwenyewe. Kwa mkuu wa stesheni, kesi ilikuwa imekwisha.

"Mtie pingu, Afande," alisema, Inspekta hajamaliza hata kupanda ngazi za behewa. "Wazee wawili wameibiwa humu wakiwa wamelala, chumba namba nne. Mlango umefungwa kwa ndani. Ufunguo wa kuufungulia nje anao mtu mmoja tu. Dobi kakung'uta gunia la mtu huyohuyo, mkoba ukadondoka. Unataka nini zaidi?"

"Chai," alisema Inspekta. "Na huyo mtu mmoja."

Kituoni kwake walimwita Mama Maswali, jina alilolijua na kujifanya halijui. Mwanamke wa miaka hamsini na ushei, mfupi, mwenye mazoea ya kumtazama mtu mikono kabla ya uso. Siku hiyo ilikuwa ya mwisho kabla ya likizo yake, likizo ya kwanza baada ya miaka sita, na simu ilishamlilia mara mbili mfukoni. Ikalia ya tatu. Mumewe.

"Vitanda au viti?" aliuliza mume. "Bwana wa tiketi ananishikia vitanda viwili vya treni ya usiku mpaka saa sita mchana. Baada ya hapo ni basi, tukae tumekunja miguu kama kuku wa sokoni."

"Treni za usiku zina wezi. Hivi nasema nawe nimesimama ndani ya moja."

"Juzi ulisema zina kelele. Jana zina kunguni. Mke wangu, hiyo sasa sababu ya ngapi?"

"Nitakupigia."

Alikuwa na sababu nyingine, lakini hiyo haikuwa ya kuzungumza kwenye simu mbele ya koplo.

Mhudumu alikuwa amekalia kiti chake cha kukunja mwishoni mwa ujia, koplo kamsimamia kichwani. Abiria wa miaka mingi walimwita Mzee Shuka. Sare imenyooshwa, viatu vinang'aa.

"Miaka mingapi kazini?"

"Thelathini na mmoja."

"Umewahi kushitakiwa?"

"Mara moja. Nilimwamsha mtu aliyeniomba nimwamshe."

Koplo alicheka. Mkuu wa stesheni hakucheka.

"Treni inarudi saa tano," alisema. "Mtumishi atakayekuwa mikononi mwa polisi saa hiyo anasimamishwa kazi. Ndiyo kanuni. Nimeshamwita wa kushika nafasi yake."

"Na wakishasimamishwa?"

"Sijaona aliyerudi."

Mzee Shuka aliinamisha kichwa. "Bado miezi kumi na moja nistaafu, Afande."

Inspekta hakumpa pole. Mtu wa kuonewa huruma na mtu wa kutiliwa shaka huwa wanakaa kiti kimoja, na yeye alishawahi kudanganywa na sare zilizonyooshwa vizuri zaidi ya ile.

"Usiku uliingia namba nne?"

"Jioni, kutandika. Basi."

"Gunia ulilifunga saa ngapi?"

"Yule mama wa namba nne alipopiga yowe. Asubuhi nakusanya shuka kuanzia namba tisa nikishuka. Nilikuwa nimefika namba sita. Nikafunga gunia, nikakimbia."

"Kwa hiyo shuka za namba nne ziko wapi?"

"Zimo humohumo chumbani. Sijazigusa."

"Na gunia, usiku?"

"Linaning'inia hapo mlangoni pa choo. Kila aendaye chooni anapishana nalo."

Inspekta alimwita dobi. "Mkoba ulidondoka hivihivi?"

"Hapana, Afande. Umeviringishwa ndani ya foronya, na foronya imepigwa fundo. Nililifungua kwa meno."

"Koplo," alisema Inspekta, "pingu zikae mfukoni kwanza." Akauweka mkoba na foronya yake ndani ya mfuko wa vielelezo, akashika njia ya namba nne.

Chumba kilikuwa cha vitanda viwili, kimoja juu ya kingine, ngazi ya chuma na kijimeza dirishani. Mzee alikaa karibu na dirisha. Alikuwa mwoka mikate mstaafu, mabega mapana, mikono imejaa makovu ya tanuri. Mkewe alisimama kati yake na mlango, na hakusogea mpaka alipoombwa mara ya pili.

Mezani palikuwa na pochi nene.

"Hii ya nani?"

"Yangu," alisema mzee.

"Ililala hapo?"

"Hapohapo."

"Mwizi akaiacha pochi mezani, akachukua mkoba. Mlikuwa na nini ndani ya huo mkoba, almasi?"

"Tiketi," alisema mzee kwa uchungu. "Za safari mbili za usiku zilizobaki. Na ratiba yangu. Niliiandika miaka mitatu, mwanangu, kwenye mifuko ya mikate."

"Na tiketi za vitanda hazitolewi mara ya pili," mkewe alidakia. "Msimu huu wa likizo vimejaa vyote. Nimeuliza. Basi, mume wangu, ndiyo imeshatokea. Tuendelee na basi la mchana, usiku tulale gesti kama watu wengine."

Inspekta alitazama saa yake. Saa mbili kasoro dakika tano.

"Umeuliza wapi, mama?"

"Dirishani. Kwa watu wa tiketi."

"Dirisha halijafunguliwa."

"Niliuliza... tulipokuwa tunaanza safari."

"Kabla ya kuibiwa?"

Mama alishika kola ya gauni lake la kulalia, ambalo alikuwa bado amelivaa juu ya nguo zake za asubuhi.

"Basi niwape habari njema," alisema Inspekta. "Mkoba umepatikana. Tiketi zimo zote."

Mzee alipiga makofi. "Nilikwambia! Mama watoto, si nilikwambia?"

Inspekta hakuwa anamtazama mzee. Alimtazama mtu aliyerudishiwa mali yake asifurahi. Yule mama alikaa kitandani kama aliyeletewa habari za msiba.

Inspekta akaona na mengine. Kitanda cha chini, mto uko uchi, hauna foronya. Gauni la kulalia lina vitanzi viwili vya mkanda, mkanda hakuna. Kifundo cha mkono wa kulia wa mama kina alama nyekundu imezunguka kama bangili. Akahamisha macho. Mzee naye anayo, mkono wa kushoto. Mzee aliona anatazamwa, akashusha mkono wa shati taratibu.

Anaficha nini huyu?

"Mzee, nenda na koplo ukanywe chai. Mimi na mama tuna mazungumzo ya wanawake."

Mlango ulipofungwa, alikaa ukingoni mwa kitanda, magoti yao yakakaribia kugusana.

"Anakupiga?"

"Nani, yule?" Mama alishtuka kweli. "Yule hata unga huukanda kwa huruma."

"Alikufunga?"

Mama alifunika alama kwa kiganja.

"Mama, nisikilize. Mhudumu hajagusa shuka zenu. Mkoba umetoka kwenye gunia ukiwa umevaa foronya. Na huu mto hapa hauna nguo. Wewe ulikwenda chooni asubuhi?"

"Kila mtu huenda chooni."

"Kwa safari yako ulipita kwenye gunia. Sasa yuko mzee mwenzenu pale nje anaitwa mwizi. Saa tano treni ikiondoka hayumo, kazi hana. Miaka thelathini na mmoja."

"Sikujua gunia ni la mtu," alisema mama. "Nilijua ni la kufulia. Nilijua litakwenda kwenye mapipa ya sabuni, tiketi zilowe, ziharibike, basi. Nikapiga yowe ili aamini zimeibiwa. Walipomshika yule baba nikataka kusema. Mdomo ukawa mzito."

"Kwa nini tiketi?"

Mama alitazama mlango, kisha akaongea haraka, kama anayetua mzigo kabla haujamwangukia.

"Miaka arobaini aliamka saa tisa usiku kuwasha tanuri. Tanuri tumeliuza, lakini mwili wake haujaambiwa. Anaamka, macho wazi, usingizi umo ndani. Binti yetu alimkuta mara moja barabarani na nguo za kulalia. Akasema ikitokea tena anamchukua akae kwake, geti na kufuli. Mume wangu! Mtu aliyelisha mtaa mzima!"

"Na jana?"

"Nilishtuka upepo unanipiga usoni. Mlango wetu uko wazi. Nikamkuta mwisho wa behewa kashika kitasa cha mlango wa nje. Ananiambia, 'Mama watoto, nafungua duka, watu wameshapanga foleni.' Afande, nyumbani mlango ule unafungukia tanuri. Hapa unafungukia upepo, na treni imeshika kasi."

"Mhudumu alikuwa wapi?"

"Amesinzia mwisho wa pili. Ningemwita. Niliona haya. Nikamrudisha, nikatoa mkanda, nikafunga mkono wake na wangu. Sikupata usingizi tena. Na bado kuna safari mbili za usiku."

"Ungemkatalia treni tangu mwanzo."

"Miezi mitatu nilikataa. Nikasema kelele. Nikasema wezi. Nikasema mgongo. Kila sababu isipokuwa yenyewe."

Inspekta alihisi simu inatikisika mfukoni. Akaiacha.

Mlango ulisukumwa. Mzee alikuwa amesimama na kikombe kisichonywewa, koplo nyuma yake ameinua mabega kuonyesha kwamba alishindwa kumzuia.

"Niliamka nimefungwa," mzee alimwambia mkewe. "Alfajiri. Nikajua nimefanya jambo. Nikajifanya nimelala fofofo ili usijue kwamba najua."

"Baba watoto..."

"Halafu nikaficha alama. Nimekaa hapa naachia mtu wa watu ashikwe, namlinda nani sijui."

Maelezo yaliandikwa ukurasa mmoja na nusu, mama akatia saini. Saa nne kasoro robo walishuka jukwaani wote. Mkuu wa stesheni alisikiliza, akavua kofia, akaivaa tena.

"Kutoa taarifa ya uongo polisi ni kosa," Inspekta alimwambia Mzee Shuka. "Wewe ndiye uliyeumizwa. Ukitaka ashitakiwe, nafungua jalada."

Mama alipiga magoti. Mzee Shuka alimwinua, lakini hakutabasamu.

"Ulikuwa unanizika, mama. Kwa foronya yangu mwenyewe."

"Nisamehe, baba."

"Nitasamehe. Leo nina hasira, usiniharakishe." Alifuta uso kwa kitambaa. "Lakini nikuulize. Kwa nini hukuniamsha? Wanaotembea usingizini nimewasafirisha mpaka nimesahau hesabu. Nawahamishia namba moja, mlango unaopakana na kiti changu. Nafunga kwa nje, nakaa macho. Kila baada ya muda nabisha, naulizia choo. Wenzangu wa treni zote wanafanya hivyo. Sharti ni moja tu, niambiwe."

Mwoka mikate ndiye aliyesema.

"Na nikikwambia niko njiani kufungua duka?"

"Nitakwambia leo duka limefungwa, Bwana Mikate. Rudi ulale."

Mzee alicheka mpaka chai ikamwagika. Mkewe alikuwa analia, amemshika mkono uleule wenye alama. Mkuu wa stesheni alikwenda kumwambia yule wa akiba arudi nyumbani.

Saa tano kamili treni iliondoka, Mzee Shuka kwenye mlango wa behewa lake, kitasa mkononi. Inspekta alisubiri mpaka behewa la mwisho likapita. Kisha akapiga simu.

"Vitanda," alisema.

"Na wezi je?"

"Hakukuwa na mwizi. Sikiliza. Nilipohamia chumba cha wageni nilikwambia unakoroma."

"Ulisema hivyo."

"Hukoromi. Ni mimi. Napiga mayowe usingizini, tangu ile kesi ya watoto waliokutwa mtoni. Sikutaka tulale chumba kimoja chembamba, abiria wa jirani wasikie. Nawe usikie."

Upande wa pili alisikia kalamu ya bwana wa tiketi ikigonga meza.

"Mke wangu," alisema mumewe, "ukuta wetu ni mbao. Nimekuwa nikisikia miaka miwili. Nilingoja useme."

Inspekta alitafuta swali la kumuuliza. Kwa mara ya kwanza siku hiyo, hakulipata.

"Sasa," alisema mume, "utalala cha juu au cha chini?"