Si Umri, Dada

Hadi leo rafiki yangu hajui ni nani aliyemsahihisha mchana ule, nami nimechoka kukisia.

Kazi yake ni kuandika programu. Vidole vilipomgomea baada ya miaka kumi na miwili ya kubonyeza, alianza kuiambia kompyuta kwa mdomo, nayo ikamwandikia. Siku hiyo alijifungia katika chumba kisicho na dirisha, amalize programu ya kupanga dozi za watoto wodini. Taa ya humo huzimika yenyewe mtu asipojitikisa. Ilipozimika, hakuwa na nguvu hata ya kupunga mkono. Akaendelea gizani, akisikia feni ya mashine na pumzi zake tu.

Alipomaliza, akasoma maandishi. Chini ya maneno yake kwamba dozi ipangwe kwa umri wa mtoto, kompyuta ilikuwa imeandika: “Mzungumzaji wa pili: Si umri, dada. Ni uzito.”

Alimwita bosi wake. Wakasikiliza rekodi ya sauti yake mara tatu. Mahali pa maneno hayo palisikika feni peke yake.

“Ulisinzia ukaota, dada.”

“Usingizi wenyewe ningeutoa wapi, bosi?”

Wakampigia daktari wa wodi. “Ni uzito,” alisema. “Mngeweka umri, mngetuzikisha watoto.”

Wakaamua programu yote isomwe upya, mle mle chumbani. Bosi alisema ana kikao. Rafiki yangu ndiye aliyeisoma, peke yake, polepole, akinyamaza kidogo baada ya kila sentensi, ili mwenye la kusema apate nafasi.