Likizo Ziwani Eyasi

"Shamba anaita Mgeni. Shamba anaita Mgeni."

Naftali Saning'o alilisogeza Land Rover kando ya barabara, juu kabisa ya mteremko wa kushukia Baray. Akaingiza mkono chini ya dashibodi na kuchomoa kipaza sauti cha Motorola.

"Mgeni anakusikia."

"Likizo yako imeidhinishwa. Ova."

Redio ikanyamaza.

Watumishi wengine wa serikali wakiambiwa hivyo huanza kutafuta zawadi za watoto. Naftali alichomoa bastola yake ya Browning, akakagua risasi, akairudisha kwapani. Katika Idara ya ujasusi maneno yale yalikuwa na maana moja tu. Ingia kazini, na ukikamatwa hatukujui.

Mwaka ulikuwa 1982. Mpaka wa Kenya ulikuwa bado umefungwa, na faru wa Kreta ya Ngorongoro walikuwa wanaisha. Mizigo ya pembe iliyokamatwa njia ya Loliondo ilikuwa midogo ya kuudhi, kama vile mtu anawatupia polisi makombo ili washibe na kulala. Mzigo wenyewe ulikuwa unapita kwingine. Leonida, mwanamke wa Buger aliyeongoza kazi hii kutoka chumba cha nyuma cha duka moja la vitenge mjini Karatu, alisema unapita majini.

Majini, Karatu! Wakubwa kule Dar walicheka mpaka wakatoa leso.

Lakini mvua za miaka ile zilikuwa zimelijaza Ziwa Eyasi. Maji yalikuwa yameingia ndani ya miamba ya kaskazini na kutengeneza vighuba ambavyo mtu wa miguu havifikii kirahisi. Na Mzungu mmoja aitwaye Dreyer alikuwa amefungua kambi ufukweni, akasimika kibao: BOTI NDOGO ZA KUKODI. ENDESHA MWENYEWE. TEMBELEA VIGHUBA.

Wa kwanza kukodi kwa niaba ya serikali alikuwa Tobiko, askari wa wanyamapori, kijana wa Kimaasai wa Endulen aliyejifanya mpenda kuvua samaki. Boti yake ilionekana ikielea. Tobiko hakuonekana tena.

Sasa ilikuwa zamu ya Naftali, naye Endulen ndiko alikozaliwa. Lakini nani angejua? Kwenye kitambulisho aliitwa Thomasi, karani wa bandari ya Tanga. Shati la maua. Miwani ya Ray-Ban. Kamera ya Yashica kifuani. Ndewe za masikio yake zilizokuwa zikining'inia ujanani zilishonwa hospitalini. Yale meno mawili ya mbele ya chini, yaliyong'olewa utotoni kama ilivyo desturi ya kwao, yalikuwa yamerudi: meno ya bandia, kazi ya daktari wa Idara, meupe kuliko yale yaliyopakana nayo.

Walikuwa wamemfuta vizuri. Na yeye, mjinga yule, alikuwa akijivunia.

Kitu kimoja tu hakikupata mtaalamu wa kukirekebisha. Hakujua kuogelea.

* * *

"Umewahi kuendesha boti, Bwana Thomasi?" Dreyer aliuliza. Alikuwa mwembamba, amevaa kaptula, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha wakubwa wengi.

"Bwana, mimi mtu wa Tanga. Nimezaliwa majini."

"Safi. Hii hapa. Yamaha, nguvu za farasi kumi na tano. Vuta kamba, shika mpini, nenda. Ghuba ya kwanza, ya pili, ya tatu, zote ruksa. Ukiuona mwamba mweupe, geuza."

"Mbele yake kuna nini?"

"Viboko. Hawapendi wageni."

Dreyer alicheka. Wilibrodi hakucheka. Huyu ndiye aliyekuwa msimamizi wa boti, mwenyeji wa Karatu, mpole wa sauti, na tangu Naftali ashuke garini alikuwa akimwangalia masikio.

"Bosi," alisema taratibu, "kabla mgeni hajaondoka nimwite yule mzee wa ng'ombe aje amsalimie. Watalii wanapenda."

Naftali aliurekebisha mkanda wa kamera. Aliuelewa mtego ule mara moja, na papo hapo akaelewa kilichomuua Tobiko.

Wilibrodi alikuwa amekua jirani na wafugaji. Alijua kwamba mtoto wa Kimaasai, hata awe na ndevu, hata awe na shahada, akikutana na baba yake au rika la baba yake huinamisha kichwa ili aguswe utosini. Hafikirii. Kichwa kinashuka chenyewe. Unaweza kumshonea mtu masikio na kumpa meno mapya, lakini shingo yake imefundishwa kabla hajajua kusema.

Tobiko aliinama. Ndiyo maana hakurudi.

Naftali alijiandaa. Akakaza shingo, akajipachika tabasamu la pwani. Mzee yeyote aje.

Mzee akaja kutoka kwenye magadi ya ufukweni, alikokuwa amewateremsha ng'ombe wake walambe chumvi. Shuka nyekundu iliyopauka. Katambuga miguuni. Wazee wenzake wawili walibaki nyuma kidogo na mifugo, wakitazama.

Kwa mzee yeyote Naftali alikuwa amejiandaa. Si kwa huyu.

Alikuwa baba yake.

Mzee Saning'o alisimama. Macho yake yalipita juu ya shati la maua, yakapita masikioni, yakatulia usoni. Hakuna kilichobadilika katika uso ule. Ni mkono wa kulia tu ulioinuka kidogo, kiganja kikitazama chini, ukisubiri kichwa kije mahali pake kama kilivyokuja tangu utotoni.

Shingo ya Naftali ilitaka kushuka. Aliisikia ikitaka. Akaizuia kwa nguvu zote alizokuwa nazo, na machozi yakamlenga nyuma ya Ray-Ban.

Akaudaka ule mkono hewani na kuutikisa.

"Shikamoo mzee wangu! Habari za ng'ombe?"

Hapo angeweza kuishia. Mtego ulikuwa umeshapita. Lakini hofu ina kiherehere. Hakuna aliyemwagiza, wala kazi haikumdai zaidi, ila alimpa Wilibrodi kamera, akasimama ubavuni mwa yule mzee, akamtupia mkono begani kama anavyoshikwa rafiki wa kilabuni.

"Tupige, bwana! Nikawaonyeshe Tanga!"

Kule nyuma wale wazee wawili waligeuza nyuso wasione.

Kamera ikalia. Wilibrodi akaishusha. "Mzee, huyu unamfahamu?"

Saning'o aliuondoa ule mkono begani mwake, polepole, kama mtu anayetoa mdudu.

"Mimi hapana jua huyu," alisema. "Mtoto ya kwetu hawezi shika mimi bega."

Wilibrodi alicheka kwa mara ya kwanza siku ile. Akalisukuma tangi la petroli ndani ya boti.

"Haya, Bwana Thomasi. Likizo njema!"

* * *

Yamaha ilinguruma. Ufuko ukarudi nyuma.

Ghuba ya kwanza ilikuwa na ndege aina ya heroe wengi, maji mazima yamekuwa ya waridi. Mahali pazuri. Mtu wa likizo angezima injini, afungue soda, akae. Naftali alipita bila kuona kitu. Uso ulikuwa unamwaka. Alitamani ziwa lingekuwa na kina cha kutosha kumficha.

Alijiambia kwamba ni kazi. Alijiambia kuhusu Tobiko, kuhusu faru, kuhusu nchi. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililoutoa ule mkono begani mwa baba yake.

Ghuba ya pili. Ya tatu.

Mwamba mweupe.

Akaukata mwendo, akauzunguka kwa kunyatia. Ghuba ya nne ilijificha nyuma yake, nyembamba, imefunikwa na matete. Hakukuwa na kiboko hata mmoja. Kulikuwa na mapipa ya petroli, gati la mbao na magunia yaliyolowa. Alitoboa gunia moja kwa kisu.

Pembe.

Nyuma ya gati miamba iliachana, na pale ukatandaa uwanda mweupe wa magadi makavu, tambarare kuliko uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Mwanzoni mwake ilisimama ndege ndogo ya Cessna, wavu wa kuificha umeshatolewa. Land Cruiser lililowaleta kwa njia ya nyuma lilikuwa kando yake. Dreyer alikuwa anapanda kwenye kiti cha rubani. Wilibrodi alikuwa anasukumia magunia ndani.

Naftali akarudi haraka botini, akatoa redio ya mfukoni, iliyozibwa isiingie maji.

"Shamba, hapa Mgeni. Mzigo nimeuona. Ndege, uwanda wa magadi, nyuma ya mwamba mweupe. Inaondoka sasa. Polisi wako wapi? Ova."

"Wamekwama korongoni Baray. Wanakuja." Sauti ya Leonida haikupanda wala kushuka. "Izuie."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa chochote, Mgeni. Ova."

Aliikamata kamba ya Yamaha na kuivuta. Mpango wake ulikuwa mwepesi: azunguke kwa maji mpaka ubavuni mwa uwanda, awe karibu, apasue tairi kwa risasi. Mtu wa Tanga kweli angejua kwamba maji yale hayafiki gotini. Mtoto wa ng'ombe aliona maji akadhani ni maji. Pangaboi ikachimba tope, injini ikakohoa, ikafa.

Wilibrodi akageuka.

Risasi ya kwanza ya bunduki yake ilitoboa boti. Ya pili ilimpita Naftali karibu na moja ya masikio yake ya kushonwa. Akajirusha majini. Tope likamkamata miguu, maji ya chumvi yakamjaa kinywani, akatapatapa kama mtoto, na alipotoa kichwa akitema, meno ya Idara yalikuwa yamekwenda.

Injini ya Cessna iliwaka. Pangaboi ikawa duara la mwanga. Ndege ikaanza kutembea.

Naftali alifyatua mara mbili. Mbali mno. Ameshindwa, na alijua. Amemvua baba yake heshima mbele ya rika lake, halafu ameshindwa.

Ndipo akasikia kengele.

Zilitoka kwenye migunga, upande wa mwisho wa uwanda. Kengele za shingoni mwa ng'ombe. Mbele alitangulia dume la mabaka meusi na meupe, Arus, kiongozi wa zizi, na nyuma yake likamwagika kundi zima, na katikati ya vumbi shuka nyekundu moja ikitembea bila kukimbia. Mzee Saning'o, aliyekuwa amewahamishia ng'ombe wake malishoni upande ule, alikuwa amesikia risasi na kuona zinaelekea wapi. Hakuuliza mtu. Aliwapigia ng'ombe wake mluzi na kuwaingiza mbele ya ndege.

Dreyer alikuwa ameshaongeza kasi. Hakuweza kusimama wala kupaa.

Bawa lilimpiga Arus. Ndege ikazunguka, ikapiga wengine, ikatoka kwenye magadi magumu na kuchomeka pua kwenye tope. Kikafuata kimya kibaya, kisha mlio wa ng'ombe aliyeumia.

Wilibrodi alipiga goti. Bunduki yake haikuelekea majini tena. Ilimwelekea mzee.

Browning ililia mara moja.

Bunduki ikaanguka. Wilibrodi akaushika mkono wake na kulala chini akilia. Naftali akatoka topeni kwa magoti, akasimama, akaufikia mlango wa Cessna na kuufungua. Dreyer alimtazama mdomo wazi: shati la maua limechanika, pengo mbele.

"Likizo imekwisha, Bwana Dreyer. Mikono juu."

* * *

Polisi walipofika, magunia yalikuwa yamepangwa na wahalifu wamefungwa. Askari walimpigia Naftali saluti. Yeye alikuwa akitazama kwingine.

Baba yake alikuwa amechuchumaa kando ya Arus, kiganja juu ya paji la dume lile, mpaka lilipoacha kuhema. Wenzake wawili walisimama naye. Arus alikuwa wa uzao wa ng'ombe ambao Naftali mwenyewe aliwachunga akiwa mdogo. Kengele ile aliijua.

Akaivua Ray-Ban. Akawapita polisi, akampita Wilibrodi mwenye pingu, akasimama mbele ya wazee wale watatu. Aliona aibu ya kufungua kinywa. Mbele ya watu wote akainamisha kichwa, chini kabisa, akasubiri.

Alisubiri sana. Aliona katambuga za baba yake, na magadi, na damu ya dume.

"Asubuhi mimi nasema mbele ya watu, huyu hapana jua," alisema mzee. Sauti haikuwa na hasira, na hiyo ndiyo iliyouma. "Mimi si mtu ya maneno mawili."

Kisha mkono ukaja. Haukuja utosini. Ulikuja chini ya macho yake, umenyooshwa, vidole pamoja, mkono wa kumsalimia mtu wa mbali.

Naftali aliupokea. Baba yake akautikisa mara moja, kama alivyofundishwa asubuhi, akauachia.

"Safari njema, bwana."

Naftali aliinua kichwa, akavaa miwani, akaondoka kuelekea kwenye gari la polisi. Mgongo umenyooka. Hatua za mtu asiye na haraka.

"Umemwona yule?" askari mmoja alimnong'oneza mwenzake kwa kumhusudu. "Hatishiki na kitu."

Mfukoni redio ilikuwa inakoroma.

"Shamba anaita Mgeni. Umefanya kazi nzuri sana. Mgeni, unanisikia?"

Nyuma yake kengele zilikuwa zinaondoka kuelekea Endulen, na aliweza kutambua ni ipi haimo. Akabonyeza kitufe.

"Mgeni anakusikia," alijibu.