Mkono Begani mwa Kudra

Wanaosema majini ni viumbe vya usiku hawajakaa Uyole. Jini aliyeingia nyumba ya Halfani, fundi cherehani, alikuja saa nne asubuhi, jua linawaka, nguo zimeanikwa, na jirani amekaa mlangoni anachambua mboga.

Ilikuwa mwaka ule wa njaa, wa unga wa njano wa msaada. Zuena, mke wa Halfani, alimfumua binti yake Kudra nywele, akamwacha amelala mkekani na kichwa timtimu, akaenda bombani. Aliporudi na ndoo, mtoto alikuwa amelala palepale, lakini nywele zilikuwa zimesukwa. Twende kilioni, mistari imenyooka, imebana mpaka paji la uso linang'aa, na mafuta ya waridi yananukia chumba kizima. Mafuta ya waridi! Nyumba ambayo hata mafuta ya taa ilikuwa inaomba kwa jirani.

"Sekela, nani kaingia humu ndani?"

Sekela, yule jirani wa mlangoni, alicheka. "Aingie nani na mimi niko hapa? Hata kuku hajapita, dada."

Jioni ile Kudra akashikwa na homa. Magoti yakakaza kama kuni, hakuweza kuyakunja, na akiguswa tu analia. Siku ya tatu homa ikashuka yenyewe. Mwezi uliofuata nywele zikasukwa tena, na homa ikarudi. Mtoto alikuwa na miaka sita wakati huo. Alifika tisa yuko vilevile, mifupa mitupu.

Sasa Zuena hakuwa mtu wa kukimbilia waganga. Baba yake alikuwa dresa wa zahanati, naye alikulia kwenye harufu ya spiriti. Aliamini vipimo. Akaenda hospitali ya kwanza wakamwambia malaria, ya pili wakasema minyoo, ya tatu baridi yabisi, na ya nne daktari mmoja kijana akamwambia ni kifafa cha aina yake, huku hamtazami usoni. Kila mmoja na jina lake, na kila jina na sindano zake. Vijitabu vya hospitali vikafika vinne, Zuena akavifunga kwa uzi na kuvibeba kama msahafu.

Na Halfani? Hapo wanawake wa Uyole walimwonea Zuena wivu. Mume gani yule! Alifunga cherehani yake akambeba mtoto mgongoni, akakaa kwenye mabenchi ya hospitali kutwa nzima, akampepea, akamlisha uji. Jambo moja tu hakulifanya. Katika miaka mitatu hakuwahi kumwuliza daktari swali hata moja. Zuena alidhani ni adabu.

Mwaka wa sabini na saba wakasikia kuna mtambo mzuri wa eksirei Iringa. Wakapanda basi. Kwenye chumba cha mtambo walimkuta fundi wa picha, Filemoni, Mhehe mpole mwenye koti jeupe lililochakaa viwiko.

"Kamwene, mama. Wewe na tumbo hilo hukai humu ndani, mionzi si mizuri kwa mtoto. Una miezi mingapi?"

"Mitano."

"Basi toka. Na baba pia atoke. Binti atasimama peke yake, ni dakika moja."

Wakatoka wote wawili wakakaa kwenye benchi. Zuena alimsikia Filemoni akisema, "Usipumue, binti," kisha mtambo ukanguruma. Baada ya muda akamsikia akiguna na kurudia. Picha ya kwanza ilikuwa nyeupe tupu, ya pili vilevile. Baada ya ya tatu Filemoni alikaa sana kwenye chumba chake cha giza, na alipotoka jasho lilikuwa limemlowesha shingo, na Iringa siku ile kulikuwa na baridi ya kuvaa sweta.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "nilisema mtoto abaki peke yake. Nani aliingia akamshika?"

"Hakuna aliyeingia. Tulikuwa hapa, mlango unauona."

Akaiinua picha kwenye mwanga wa dirisha. Zuena aliona mbavu za mwanawe, nyembamba, akaona moyo kama kivuli, na juu ya bega la kushoto akaona vidole vinne vya mtu mzima, mifupa mitupu, virefu kupita vya binadamu, vimekunjwa kwa upole kama mama anavyomshika mwanawe wakivuka barabara.

Zuena alipiga ukelele. Filemoni aliiangusha picha. Halfani aliinama, akaiokota, akaipangusa vumbi kwa mkono wa shati, akaitazama, akaiingiza kwenye bahasha. Hakushtuka. Hakusema hata "Lahaula". Na mkewe alimwona.

Zuena hakusema kitu hospitalini, wala kesho yake ndani ya basi la alfajiri. Alikaa na Kudra mapajani, anamtazama mume wake kwa pembeni, na moyo wake unakataa kile ambacho macho yalishakubali. Basi liliposimama Nyololo watu wanywe chai, ukungu wa Mufindi ulikuwa umeshuka mpaka barabarani. Alimvuta nyuma ya kibanda cha chai.

"Baba Kudra, yule unamjua."

"Nani?"

"Usinifanye mtoto mdogo, Halfani! Mwenye mkono. Unamjua."

Halfani aliangalia viatu vyake. Kisha yakamtoka yote, taratibu, kama mtu anayetapika. Alipokuwa na miaka saba, pale Iringa, yeye mwenyewe alisukwa nywele na asiyeonekana. Magoti yalikaza vilevile, homa ilikuwa vilevile. Mama yake akampeleka kwa Maalim Muhidini, na jini akasema ataondoka akipewa kiti kingine, yaani mtu mwingine wa kukalia, wa damu ileile. Mama yake akamnong'oneza la kusema. Akasema. Alimtoa mtoto wa kwanza atakayemzaa.

"Nilikuwa na miaka saba, Zuena. Nilijua nini mimi kuhusu watoto?"

"Wa miaka saba nimemsamehe," alisema Zuena. "Wa miaka thelathini je? Miaka mitatu unaniona natembea na vijitabu! Wamemtoa mtoto damu mpaka mishipa imejificha, wamemchoma sindano za uti wa mgongo, analia 'baba nisaidie', na wewe unampepea! Unampepea, unajua!"

"Niliogopa. Maalim alisema tangu siku ile kwamba njia ni moja, mimi nimwite arudi kwangu."

"Maalim yuko wapi?"

"Alihamia hapa karibu. Igowole."

Basi likaondoka bila wao. Walipata lori la kubeba mbao, na njia nzima Halfani alilia, akamshika Zuena mkono, akaapa kwa kaburi la baba yake kwamba safari hii atalibeba lake. Na Zuena, kwa ujinga wa mtu anayependa, akauacha mkono wake ushikwe.

Maalim Muhidini alikuwa shambani kwake anapalilia pareto. Alimtambua Halfani papo hapo kwa sura ya mama yake, na hakufurahi.

"Ni wewe! Si nilikwambia ukioa mwambie mkeo? Si nilimwambia mama yako ile si tiba, ni kuahirisha?" Akamgeukia Zuena. "Hakukwambia?"

"Hakuniambia."

"Astaghfirullah." Maalim akatupa jembe. "Ingieni. Bado hatujaswali adhuhuri, tutamaliza mchana huuhuu."

Zuena alikalishwa mkekani, Kudra mapajani, wakafunikwa shuka jeupe wote wawili, kwa kuwa mwenye mtoto hatakiwi kuona, anasikia tu. Udi ukachomwa. Maalim akasoma, akasoma, na mtoto akaanza kuwa mzito, mzito kupita miaka yake tisa, kisha kinywa chake kikafunguka na sauti ya mwanamke wa makamo, ya adabu, ya pwani, ikatoka chini ya shuka.

"Msinivute. Mimi si mwizi. Nilipewa."

"Aliyekupa yuko hapa," alisema Maalim. "Ulipewa kwa neno, utaondoka kwa neno. Halfani, sema. 'Mimi Halfani ndimi kiti chako.' Mara tatu."

"Na aseme," ilijibu sauti. "Sina haraka."

Zuena alisikia mumewe akimeza mate, na hapohapo, ndani ya shuka ambamo hamkuwa na mtu ila yeye na mwanawe, mkono wa baridi ulipita juu ya kifundo chake cha mguu, ukapanda taratibu, ukafika kichwani mwa Kudra, ukaanza kupapasa mistari ya nywele mmoja mmoja kama anayehesabu, na harufu ya waridi ikajaa ndani ya shuka, naye akawa anaomba moyoni, sema Halfani, sema mume wangu, sema umalize.

"Mimi Halfani," ilianza sauti ya mumewe. Ikakatika. "Mimi Halfani..."

Kisha ikaja mbio, bila nafasi ya kupumua. "Mimi Halfani nakupa aliye tumboni mwa Zuena, nakupa aliye tumboni mwa Zuena, nakupa aliye tumboni mwa Zuena!"

"Nyamaza! Nyamaza wee!" Zuena alisikia kishindo, Maalim amemrukia, amemziba mdomo. Lakini la tatu lilikuwa limeshatoka.

"Ahsante," ilisema sauti. Ule mkono ukaziacha nywele za mtoto.

Zuena alipolitupa shuka, Kudra alikuwa amekaa, macho maangavu. Alikunja goti moja. Akalikunja la pili. Akacheka, mtoto ambaye hakucheka tangu unga wa njano.

"Mama, nina njaa! Baba, tazama!" Akakimbia kwa miguu yake miwili akamkumbatia Halfani kiunoni.

Maalim aliketi sakafuni, kichwa mikononi. "Neno la baba silirudishi mimi," alisema. "Sina uwezo huo."

Halfani hakumtazama Maalim. Alimtazama mkewe, mkono wake uko kichwani mwa binti yake.

"Kudra tunamjua, Zuena," alisema polepole. "Yule bado hatujamjua. Hana hata jina."

"Wewe unalo," alisema Zuena. "Ulikuwa na jina na kifua na miguu. Ulichotakiwa ni kulitaja jina lako."

Mke wa Maalim alileta ugali na maharage, na Kudra akala, akaongezewa, akala tena, akiwaeleza wote kwamba baba yake ndiye aliyemponya. Miaka mitatu Zuena alikuwa ameomba aone sahani hiyo ikiwa tupu. Alikaa ukutani, mikono yote miwili tumboni, akisubiri teke ambalo kila adhuhuri lilikuja. Halikuja. Baada ya muda mrefu yule wa tumboni alisogea, kidogo tu, upande mmoja, kama mtu kitandani anayempisha mwenzake alale.