M Mbili za Mikate Moto

Bango lilikuwa limeibwa, na mwizi alikuwa ameacha jingine mahali pake.

Inspekta alisimama mbele ya duka la mikate asubuhi, shingo juu, akilitazama bango hilo la plaiwudi lililofungwa kwa waya. MIKATE MOTO, liliandikwa, kwa rangi nyekundu ambayo hata haijakauka vizuri. Katika miaka yake yote ya upelelezi hajapata kukutana na mwizi mwenye adabu kiasi hiki.

"Unacheka, Inspekta?" Mwenye duka, Mama Mikate, alimjia juu, mikono imejaa unga.

"Hapana, mama. Nachunguza eneo la tukio."

"Basi chunguza ukiwa umenuna! Bango lile alinizawadia marehemu mume wangu siku tuliyofungua duka. Wangebeba hata tanuri nisingelia. Nirudishie bango langu."

Macho yake yalikuwa mekundu kweli. Inspekta akameza kicheko chake.

Konstebo alishuka kwenye ngazi na brashi yake ya poda. "Alama za vidole hakuna, afande. Alivaa glavu."

Mama Mikate alikuwa na picha ya bango lenyewe kwenye simu. Inspekta akalinganisha. Herufi za zamani zilikuwa nene, zimesimama wima, hazina vijimkia wala mapambo, za kusomeka na mtu aliye ng'ambo ya barabara. Mwizi alikuwa ameziiga zote. Ila plaiwudi yake ilikuwa fupi kuliko bango, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Alikuwa amezibana herufi zote isipokuwa M. M zote mbili zilikuwa zimetanua miguu kama zamani, na ile O ya mwisho ilikuwa karibu idondoke ukingoni.

"Aliyeandika bango la kwanza ni nani?"

Mama Mikate akabenua midomo. "Fundi Brashi. Usinitajie huyo mtu! Siku ya kufungua duka nilimtania kwamba M zake zimevimba, akasusa. Mpaka leo hajakanyaga hapa. Mikate anaifuata mwisho wa mji, migumu kama tofali."

Fundi Brashi mwenyewe ndiye aliyewafungulia mlango. Alikuwa mzee mwembamba, na mikono yake ilitetemeka hadi kikombe cha chai alichoshika kikawa kinagongagonga kwenye kisahani. Mikono hii haiwezi kuandika bango, Inspekta alijiambia.

"Mzee, bango la Mikate Moto limeibwa."

"Lile?" Mzee akaketi kwa kishindo. "Jamani! Ndilo pekee lililobaki mjini!"

"Nani mwingine anaandika M kama zako?"

"Hakuna. Nilimfundisha mtu mmoja tu. Nikamwambia, bana herufi yoyote ile, lakini M usiiguse..."

Macho yake yakaenda kwenye mlango wa chumba cha binti yake.

Binti akatoka mwenyewe, kiwiko kina rangi nyekundu. "Usimsumbue baba, afande. Ni mimi."

"Uliliiba?"

"Nililichukua. Limelala kitandani kwangu, mimi nalala sakafuni."

"Kwa nini hukuomba?"

"Mimi, binti wa Fundi Brashi, nimwombe Mama Mikate? Angenitimua na koleo la tanuri!" Akamgeukia mzee. "Mabango ya baba yote yamefutwa, yamewekwa ya plastiki. Mikono yake ndiyo hiyo mnayoiona. Nikasema nizichore herufi zake kwa ukubwa wake halisi, niziingize kwenye kompyuta, mtu yeyote aweze kuziandikia. Nilitaka baba azione macho yake yangali mazima. Ningelirudisha, naapa."

Inspekta alimtuma konstebo amlete mlalamikaji. Mama Mikate aliingia akihema, akalikumbatia bango lake pale kitandani. Ndipo binti akawasha kompyuta, akaandika neno moja kubwa: BABA.

Fundi Brashi akasogea. "Nani kaandika hii?"

"Wewe, baba. Ila B haimo kwenye bango, hiyo nimeikisia."

Mzee akalia mbele yao wote, wala hakujificha. Kisha akapangusa macho. "Hiyo B imelegea tumbo. Ikaze."

"Na M bado imevimba," Mama Mikate akasema, macho kwenye bango lake, lakini kwa upole.

"Mumeo ndiye aliyeiagiza!" Mzee uvumilivu ulimwishia. "Aliniambia, fundi, niandikie M inayosimama kama mke wangu, ameshika kiuno, amejaa mlangoni, mteja hana pa kupita. Hiyo ndiyo sura ninayoipenda, akasema. Halafu akaniapisha nisikwambie, eti utamnyima chakula."

Mama Mikate alikaa kitandani kando ya bango. Alicheka, akalia, akacheka tena, kidole chake kikipapasa mguu wa M.

"Na wewe miaka yote hii unatafuna tofali, umenyamaza?"

"Nilikuwa nimeapa."

Konstebo akakohoa. "Afande, mtuhumiwa nimtie pingu?"

"Umtie nani?" Mama Mikate akasimama, mikono kiunoni, akaujaza mlango. "Futa kesi hiyo! Binti, bango likae hapa mpaka umalize kazi. Na hiyo M, ole wako uipunguze!"