Hodi ya Kasmiri

Rafiki yangu Kasmiri husalimia watu kwa mkono wa kushoto, na pale Segera wanamwona hana adabu. Wangejua ni nani ambaye mpaka leo hajauachia ule wa kulia.

Mwaka ule watu walipohamishiwa kwa nguvu vijiji vya ujamaa, alikuwa mgambo. Akatumwa Kwaluguru kumtoa Bibi Mashavu, mkaidi wa mwisho aliyebaki. Aliingia kwake bila hodi wala shikamoo. Nyumba ilikuwa tupu, haina kitanda, kinu wala jiwe la kusagia. Hata mlango ulishang'olewa. Bibi alikuwa amekaa chini, amepakata kifuko cha katani, kidogo kama cha kuwekea tumbaku.

"Vitu umeficha wapi, kikongwe wewe?"

"Vimo humu."

"Unanichezea?"

Akampokonya, akatumbukiza mkono wa kulia. Ukazama mpaka begani, na vidole havikugusa kitu ila baridi. Akatega sikio. Mbali, ndani ya giza lile, mtu alikuwa anatwanga. Jogoo akawika.

"Kwenu hawakukufundisha kupiga hodi?" bibi akamuuliza.

Kasmiri akacheka kwa dharau, akainamia mdomo wa kifuko. "Hodi!"

Mchi ukanyamaza.

"Karibu," wakaitikia watu wengi kwa pamoja, wakubwa kwa watoto. Mkono mdogo ukamshika vidole, ukaanza kumvuta taratibu, kama mtoto anavyomwingiza mgeni ndani. Kisha, nyuma ya mgongo wake, akasikia mlango ule uliong'olewa ukifungwa na komeo likisukumwa.