Picha ya Mzee Paskali

Mzee Paskali alikuwa mgeni Kinampanda. Mke wake alipofariki kule Ihanja, binti yake Raheli alimchukua wakae pamoja.

Asubuhi moja mjukuu wake, Rebeka, aliamka na homa. Raheli alikuwa amejifungua juzi tu, kwa hiyo mzee alimbeba mtoto kwenda kupanda basi la Kiomboi. Ukungu ulifunika mashamba. Maua ya alizeti yalionekana kama yanaelea hewani. Mtoto alilala begani.

Hawakujua kwamba mtu aliwapiga picha kwa mbali.

Waliporudi kutoka hospitali, Rebeka alikuwa na nafuu. Lakini kijiji kilikuwa kimya kama ndotoni. Mama mmoja alimwona mzee, akawavuta watoto wake ndani na kufunga mlango.

Nyumbani Raheli alikuwa analia. "Baba, wameweka picha yako na Rebeka kwenye kundi la WhatsApp. Wameandika, 'Mwizi wa watoto huyu. Akionekana asiachwe.'"

Mzee alikaa chini.

"Nawatukana wote sasa hivi!" alisema Raheli.

Jirani yao Flora, msaidizi wa kisheria, aliingia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Raheli, usitukane. Utafanya kosa na wewe. Usifute kitu. Hifadhi picha ya ujumbe huo, ionyeshe namba ya aliyetuma na tarehe."

"Halafu?"

"Twende polisi leo hii. Baba anaweza kudhuriwa. Kusambaza uongo mtandaoni kwa makusudi ni kosa. Na aliyechafuliwa jina anaweza kudai haki yake mahakamani."

"Na hao waliosambaza tu?"

"Nao wanaweza kuulizwa. Kama huna hakika, usitume."

Polisi walimwita kijana aliyeandika, Laurian. Aliinamisha kichwa. "Nilidhani nasaidia, babu. Nisamehe."

"Ungenisimamisha tu ukaniuliza," mzee alimjibu. "Nataka ukweli ufike kote ulikofika uongo."

Laurian aliandika ukweli katika kundi lile lile, akaomba radhi. Akasimama pia kwenye mkutano wa kijiji, akarudia kwa mdomo wake.

Siku ya mnada, mzee alitembea taratibu sokoni katikati ya watu. Mwanamke asiyemfahamu alikuwa anahangaika kujitwika mzigo.

"Shikamoo babu. Hebu nishikie mtoto."

Mzee alinyoosha mikono. Mtoto akashika ndevu zake, akacheka. Mwanamke alishamaliza kujitwika, lakini mzee alibaki amesimama pale juani, hataki kumrudisha upesi.